Beringi Alizozirithi Baba Mdogo

Beringi kavu ikilia kwenye gurudumu la baiskeli, ule mlio wa chuma kukisaga chuma, watu huziba masikio. Mimi hutabasamu. Mniwie radhi, lakini katika mlio huo namsikia baba mdogo akiumbuka mbele ya wakwe zake, na raha yake haijaniisha mpaka leo.

Kwetu ni Kituntu, kwenye kibanja cha migomba na kahawa. Marehemu baba alikuwa amechonga jiwe la duara, akalisimamisha kama gurudumu. Ekseli yake ililala juu ya magogo mawili, na kila ncha aliitia beringi aliyoitoa kwenye lori bovu. Watu walikuja kutoka hadi Nyakakika kunoa mihoro, zile panga zetu zenye ncha iliyopinda za kupogolea migomba. Walitulipa maharage au mkungu wa ndizi. Baba alipofariki mama akashika kunoa, nami msichana mapengo nikazungusha mpini. Hilo jiwe ndilo lililotulisha.

Matanga yalipoanuliwa, baba mdogo akakalia kigoda cha marehemu mbele ya ukoo, akawa msika, yaani mrithi. Desturi ilimpa mkuki na kigoda. Yeye akataka na beringi. "Vyuma ni mali ya mwanamume," akasema, na wazee wakaitikia kwa vichwa. Mama akapiga magoti, akamkabidhi zote mbili katika jani la mgomba, zikinuka grisi. Nilimchukia yule mtu, jamani! Hata mama nilimkasirikia kwa upole wake.

Baba mdogo hakuwa na haja ya kunoa. Alitaka mashine ya kusaga mtama wa kuchachushia rubisi, pombe yetu ya ndizi, kijiji kizima kimpigie magoti yeye. Akasimika ekseli yake mwenyewe wima, beringi moja chini, nyingine juu, ili jiwe pana lilale juu yake na kuzunguka. Kabla ya kulipandisha alipita kwetu, tukiwa tunamenya ndizi uani.

"Shemeji, hivi vyuma kweli vinabeba jiwe zito?"

"Vinabeba, waitu," mama akamjibu kwa neno letu la heshima. "Si uliliona la marehemu?"

Akaondoka akipiga mluzi.

Siku ya kuizindua aliwaalika wakwe zake kutoka Kamuli na wazee wote wa ukoo. Jiwe likazunguka, unga ukatoka, vigelegele vikapigwa. Kisha likaanza kulia. Baba mdogo akasema eti linazoea. Likalia zaidi, likapepesuka, beringi ya chini ikapasuka na gololi zake zikaruka ndani ya unga. Jiwe likaangukia mtungi wa rubisi, na baba mkwe wake akalowa mpaka magotini. Hakucheka mtu, ila mimi.

"Ameviroga!" baba mdogo akafoka, akimnyooshea mama kidole. "Huyu mwanamke ameviroga vyuma!"

Neno hilo si la kuchezea. Mjane akishaitwa mchawi alifukuzwa kwenye kibanja, na watoto wakabaki kwa msika. Nilimshika mama kanga.

Mama aliomba beringi ya juu, ambayo ilikuwa nzima. Akawapeleka wazee kwetu, akairudisha kwenye ekseli iliyolala, ncha ya pili akaipakaza grisi tu juu ya gogo. Jiwe la baba, zito vilevile, likazunguka bila hata kukoroma.

"Gololi zinazunguka ndani ya mfereji," akawaeleza. "Uzito ukikandamiza ekseli kwa ubavu, mfereji unaubeba barabara. Ukishuka kwa urefu wa ekseli, unazisukuma gololi kwenye ukingo, na ukingo ni mwembamba. Kidogo unavumilia. Lile jiwe si kidogo. Marehemu alinieleza."

"Mbona hukumwambia shemeji yako?" mzee mmoja akauliza.

"Aliniuliza kama vinabeba, waitu. Hakuniuliza vinabeba kutoka upande gani."

Wazee walicheka hadi mmoja akapaliwa. Beringi ikabaki kwetu, na baba mdogo akaamriwa atafute nyingine badala ya ile aliyoivunja. Alikwenda kwa miguu mpaka Bukoba. Nilimwombea mvua njia nzima.

Miaka yote nilisimulia kwamba mama alikuwa mjane mpole aliyeokolewa na ukweli. Nilipofiwa na mume wangu, na shemeji zangu wakaanza kuikagua nyumba kwa macho, nilimwendea mama nikilia. Alikuwa mzee, kinywani hana jino. Akaniambia nikae. Kumbe baba mdogo mwanzoni alikuwa amechagua jiwe dogo, jepesi, ambalo beringi ile ingelivumilia miaka. Alimwonyesha mama.

"Nikamwambia, waitu, wakwe wanakuja, utawasagia kwa kijiwe hicho?"

Kesho yake shemeji zangu walipobisha hodi, niliwakaribisha kwa unyenyekevu mkubwa.