Kiwiko cha Kaka na Ngumi za Ruksa

Kila nikisikia watu wanabishana mbele ya televisheni kama mapigano yale ya ngumi, mateke na mieleka kwa pamoja ni mchezo au ni vurugu tu, damu inanichemka. Wanabishana huku wanakunywa soda. Mimi swali hilo niliulizwa na nesi dirishani, katika hospitali moja ya Mwanza, kaka yangu amesimama kando yangu na kiwiko kimegeukia upande ambao kiwiko hakigeukii. Jibu letu ndilo lilikuwa linaamua kama atatibiwa.

Ilikuwa miaka ya tisini, enzi za ruksa. Ruksa kuleta mitumba, na mimi, mwanamke fundi cherehani mwenye meza yangu barazani pale Nyamagana, nikabaki kupunguza viuno vya suruali za Wazungu. Ruksa kuuza viwanda, na kaka yangu aliyekuwa fundi wa mitambo ya kufuma nguo Nyakato akapunguzwa kazini. Kiwanda kilikuwa na klabu yake ya ngumi, na kaka alikuwa bondia wao wa kutegemewa. Mitambo iliposimama, klabu nayo ikafa. Hata kengele ya ulingoni ilienda na vyuma chakavu.

Wanaume wale walibaki na miili yao tu. Kwenye mabanda ya video walikuwa wameona watu wa kila namna wakipigana, wakaanza kubishana: bondia akikutana na mtu wa judo, nani atasimama? Badala ya kuendelea kubishana, wakaamua kujaribu. Walikutana katika ghala tupu Kirumba, wakapanga magodoro chini, wakayafunika turubai. Ngumi ruksa, teke ruksa, kumkamata mtu na kumlaza chini ruksa. Watu wakauita mchezo wao ngumi za ruksa. Bukta zao nilizishona mimi, kwa vitambaa vilivyoharibika rangi ambavyo kaka aliondoka navyo kiwandani.

Naomba nieleweke. Sikuwahi kuupenda mchezo ule. Nilikaa nimefumba jicho moja. Lakini niliwaona wakisalimiana kabla, wakisaidiana kuinuka baada ya hapo, na yule aliyempasua mwenzake mdomo ndiye aliyekuwa wa kwanza kumletea maji. Vurugu naijua, nimeiona stendi na nimeiona sokoni. Ile haikuwa vurugu.

Tena walijua wanachokosa. Walitaka sheria zilizoandikwa, mwamuzi aliyefundishwa na daktari wa kukaa pembeni. Wakaenda kwa afisa mmoja wa michezo. Alikwenda kaka, akaenda mzee aliyekuwa mwamuzi wa ngumi kiwandani, na mimi nikachukuliwa kwa sababu kaka akikasirika maneno humkwama.

"Shikamoo, mzee," tukamwamkia.

"Marahaba. Semeni haraka, nina kikao."

Kaka akaeleza. Afisa akasikiliza huku anajikuna sikio kwa kalamu.

"Mchezo ni kitu chenye sheria," akasema. "Hiki chenu kina sheria?"

"Ndiyo tumekuja, mzee, utusaidie ziandikwe," kaka akasema.

"Siwezi kuandikia sheria kitu ambacho si mchezo."

"Na kitakuwa mchezo lini?"

"Kikiwa na sheria."

Akacheka. Yaani alicheka kweli, akafurahishwa na akili yake mwenyewe. Mzee mwamuzi akamshukuru, kwa sababu ndivyo tulivyolelewa, mtu akikudharau ofisini kwake unamshukuru na kurudisha kiti mahali pake. Mimi kiti changu nilikiacha katikati ya chumba.

Sasa sikilizeni. Jumapili moja, watu wametoka kanisani, ghala la Kirumba lilijaa mpaka wengine wakapanda juu ya mapipa. Kaka alikuwa apambane na mbeba mizigo wa mwaloni, boti zinaposhusha samaki, mtu mpole mwenye shingo nene, aliyejifunza judo alipokuwa jeshini. Na pale mbele kabisa, kwenye benchi lililofutwa vumbi kwa ajili yake, alikuwa amekaa afisa. Leso begani, karanga mkononi. Kitu ambacho si mchezo alikuwa amekuja kukitazama, tena aliwahi kuliko wote.

Mwanzoni kaka alitamba. Ngumi zake za kushoto zilikuwa zinafika kabla hujaziona. Kisha yule mtu wa judo akamwingia miguuni, wakaanguka wote wawili, na kufumba na kufumbua mkono wa kulia wa kaka ukawa umenaswa kati ya mapaja ya mwenzake, umenyooshwa. Walikuwa wamepatana kwamba aliyezidiwa apige turubai kwa kiganja, basi, yamekwisha. Mtu wa judo alitulia, hakuvuta, akamsubiri kaka apige.

Lakini mzee mwamuzi, maisha yake yote, akiona mtu yuko chini alikuwa na kazi moja tu. Akanyoosha kidole, akaanza kuhesabu.

"Moja! Mbili!"

Ghala zima likaitikia. Tatu! Nne! Na kaka yangu, maisha yake yote, akisikia hesabu naye alikuwa na kazi moja tu, kusimama kabla ya kumi. Akasahau mapatano. Akasahau mkono wake uko wapi. Tano! Sita! Akakusanya nguvu zake zote akajiinua. Aliuvunja mwenyewe. Nilisikia mlio wa mfupa nikiwa nyuma ya watu, na mtu wa judo akapiga kelele kabla ya kaka. Mzee alikuwa amefika nane.

Nilipotazama benchi la mbele nikaona maganda ya karanga tu.

Hospitali tulifika jua likiwa bado kali, mimi, kaka na mtu wa judo. Nesi akatazama mkono, akauliza, "Hii ni mchezo au ni ugomvi? Kama ni ugomvi, mnajua, bila fomu ya PF3 simgusi. Mkachukue polisi kwanza."

Nikamkanyaga kaka mguu. Nikamnong'oneza, "Sema umeanguka ngazini." Ngazi yoyote ingetosha. Nesi mwenyewe nadhani alikuwa anaiombea ngazi hiyo.

"Ni mchezo," kaka akasema.

"Mchezo gani?"

"Ngumi za ruksa."

"Huo ni ugomvi," nesi akasema, akatuonyesha njia ya kituoni.

Kituoni polisi aliyekuwa zamu alikuwa mtu wa heshima, akampa kaka kiti. "Nani kakupiga?"

"Hajanipiga mtu, afande. Tulikuwa mchezoni."

"Mimi ndiye niliyekuwa naye," mtu wa judo akasema. "Kweli ni mchezo, afande."

Polisi akashindwa aandike nini. Bila mshtakiwa hana fomu ya kutoa, na akimwandika mtu wa judo itabidi amweke ndani. Akampigia simu afisa wa michezo nyumbani kwake, amuulize. Nilikuwa nimesimama karibu na ile simu, na sauti ya afisa niliisikia vizuri sana. Alisema mchezo huo haupo, hajawahi kuusikia, na wanaopigana maghalani wachukuliwe hatua.

Hajawahi kuusikia! Mtu aliyekuwa na chumvi ya karanga vidoleni! Mpaka leo sioni aibu kusema kwamba nilimtakia mabaya.

Polisi akamgeukia kaka. "Basi sema ni ugomvi. Sema huyu bwana kakupiga, nikuandikie, ukatibiwe."

"Hakunipiga," kaka akasema. Vidole vyake vilikuwa vimeanza kuwa vya bluu. Jasho lilikuwa linamtiririka mpaka kwenye bukta niliyoishona. "Sitamfunga mtu wa watu. Na sisemi ugomvi. Andika mchezo."

Hapo ndipo niliposema, "Mimi nimempiga."

Wote wakanitazama.

"Nimempiga kwa mchi wa kinu," nikasema. "Alikula mboga ya watoto wangu. Hawa wanaona haya kusema kwamba mwanamume kavunjwa mkono na mwanamke."

Polisi hakuniamini hata kidogo. Lakini alishukuru, nikaona mabega yake yanashuka. Ugomvi wa ndugu una mahali pake pa kuandikwa, na una mwisho wake unaojulikana: mmesameheana? Tumesameheana, afande. Nendeni. Akagonga muhuri. Kaka alikuwa anasema, "Usiandike hivyo, afande, usiandike," mpaka sauti ikamkatika.

Mkono waliunyoosha siku ya pili, daktari wa mifupa alipopatikana. Akasema tungewahi ungepona vizuri. Haukupona vizuri. Haunyooki, na ngumi haukunji. Kaka alikaa muda mrefu haji barazani kwangu. Alipokuja alisema jambo moja, akiwa amesimama: "Mkono ungeoza, sawa. Lakini ningekuwa mtu aliyeumia mchezoni." Nilimjibu vibaya, nikamwambia mchezo hauliwi. Sikujutia nilichofanya na sijutii. Nilikasirika, na hasira yote ilimwangukia yeye, kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa karibu.

Mwaka jana walifanya pambano Kirumba. Safari hii kulikuwa na ulingo, daktari, gari la wagonjwa na sheria zilizochapwa. Kaka akaniomba nimsindikize. Mgeni rasmi alikuwa afisa wetu, mstaafu sasa, kazeeka vizuri. Akashika kipaza sauti akasema mchezo huu hapa Mwanza una wazee wake, na yeye ni mmoja wao, waliupigania wakati hakuna aliyeuamini. Watu wakampigia makofi.

Baadaye akapita mstari wa mbele akisalimia watu. Alipomfikia kaka, kaka akatoa mkono wa kushoto. Afisa akautazama ule wa kulia, uliokunjika pajani.

"Pole, bwana. Uliumia wapi?"

Nikafungua mdomo. Miaka yote ile maneno yalikuwa tayari, nimeyapanga. Kaka akaniwahi.

"Mdogo wangu huyu hapa," akasema kwa utaratibu. "Alinipiga kwa mchi. Nilikula mboga ya watoto wake. Ndivyo ilivyoandikwa kituoni."

Afisa akacheka mpaka akashika tumbo, akawaita wengine waje wasikie. Kaka hakucheka. Wala hakuwa anamtazama afisa. Alikuwa ananitazama mimi.