Tata, Fundi Mkuu wa Muleba

Kokuberwa alikuwa fundi cherehani pale Nshamba, wilayani Muleba, na mdomo wake ulikwenda kasi kuliko sindano. Ukimpelekea gauni kupunguzwa kiuno, ulirudi na gauni pamoja na habari za kijiji kizima. Jambo moja tu hakulifanyia mzaha: msonge wa baba yake, nyumba ya mviringo ya nyasi, kule Kishanda. Majirani walikwishahamia kwenye bati wakamcheka kwa nyasi zake. Naye aliwacheka mvua ilipowapigia kelele juu ya vichwa, hata salamu wasisikilizane.

Kwa hiyo Shreya alipofika na kamera alipokewa kwa ndizi na kahawa ya kutafuna. Alikuwa mjukuu wa Mzee Suryakant, muuza vitambaa wa Bukoba, ila alikulia Dar es Salaam na Kihaya kilimpita kando. Chuo kikuu chake kilikusanya picha za majengo ili wanafunzi wa sanaa na usanifu wajifunzie. Aliupiga picha msonge ndani na nje, kisha akauliza nani aliujenga.

"Tata," Kokuberwa akajibu, kifua mbele.

Binti akaandika, akashukuru, akaenda nyumba ya pili.

Miezi ikapita. Siku Kokuberwa alipofuata vitambaa Bukoba, Mzee Suryakant alimfungulia picha za chuo kwenye simu. Msonge wake huo hapo, na chini yake: Mjenzi, Tata. Akapiga kigelegele dukani. Mzee akaleta picha nyingine, nyumba ya jirani, Rutaihwa. Mjenzi, Tata. Ya Annastella nayo, Tata. Maelezo yakaongeza kwamba Tata alikuwa fundi mkuu aliyejenga karibu Muleba nzima.

"Mbwenu, sasa huyu si Tata wangu!" Kokuberwa akang'aka.

Mzee Suryakant, aliyezaliwa na kuzeekea Bukoba, alicheka hadi akashika meza. "Mama, kila mtu alisema 'Tata', yaani baba yake. Mjukuu wangu akadhani ni jina la mtu mmoja!"

Kokuberwa akacheka naye mpaka machozi yakamtoka. Halafu kicheko kikamkauka. Watoto wa watu wangeutazama ule msonge miaka na miaka, na aliyeujenga asijulikane. Hilo lilimuuma kwelikweli.

Wakampigia Shreya, wakamweleza.

"Shikamoo, Bibi! Jamani, nisamehe, na walimu wameshamsifia huyo Tata darasani. Baba yako aliitwa nani?"

Kokuberwa, ambaye hakuwahi kukosa neno, akamtazama Mzee Suryakant. Alilelewa asimtaje baba yake kwa jina, kwa heshima. Alikuwa Tata akiwa hai, akabaki Tata kaburini. Hata shuleni walipouliza, mama yake ndiye aliyejibu.

"Niseme mimi?" Mzee Suryakant akauliza taratibu. "Nilimjua."

"Hapana, waitu, niachie. Ni wangu." Akaisogeza simu mdomoni. "Ishengoma," akanong'ona.

"Sijasikia, Bibi."

"ISHENGOMA!"

Wapita njia wakageuka. Kokuberwa mwenyewe akajiziba mdomo, na chini ya kiganja alikuwa anatabasamu.

Jioni, kabla hata ya kushusha vitambaa, aliinama akaingia ndani ya msonge.

"Tata, unisamehe, nimekutaja mbele za watu," akasema. "Lakini walikuwa wanakuchanganya na baba yake Rutaihwa, na paa la nyumba aliyojenga yule lilivuja tangu siku ya kwanza."