Ofisi Isiyokuwa na Vyumba

Siku ile tulikuwepo hawa: mimi, mdogo wangu wa kiume anayenifuata, dada yetu, aliyefungwa kitambaa shavuni kwa sababu ya jino, kitindamimba wetu, niliyembeba mgongoni ingawa alikuwa amekwisha kuwa mzito wa kubebwa, baba mdogo, ndugu wa marehemu baba, amevaa koti lake la mazishini, bibi jirani yetu wa mpakani, ambaye tulimwita Kukhu, yaani nyanya, ingawa hatukuwa damu moja, karani wa mikataba, meneja wa chama, askari wa mlangoni, na wakulima wa miwa wa pande zetu zote za Matungu, waliokuja kuiona ofisi mpya hata kama hawakuwa na shida nayo. Makarani wengine walikuwepo pia, lakini hao nitawaeleza mbele kidogo, maana kuwaona tu kulikuwa jambo.

Sisi tulikuwa na shida. Baba alikufa miwa yake ikiwa imefika kiunoni. Mama alikuwa ametangulia. Mkataba wa miwa ulikuwa kwa jina la baba, na chama cha wakulima hakikuvuna miwa ya marehemu. Kilitaka jina la mtu aliye hai, na mtu huyo ndiye angekuwa mwenye shamba machoni pa kila mtu. Baba mdogo alitaka liwe jina lake. Alikuwa amekwisha kutugawa: mdogo wangu akachunge ng'ombe kwake, dada aende kwa shangazi, kitindamimba achukuliwe na yeyote atakayemtaka.

"Na wewe utaolewa," aliniambia. "Ama miwa utaibeba kichwani uende nayo?"

Nilikuwa nimeacha shule darasa la sita, mama alipoanza kuugua. Sikujua mengi, lakini miwa ile niliijua mstari kwa mstari. Tukiipoteza tungepoteza kulala chini ya bati moja, sisi wanne. Hilo ndilo nililokwenda kulitafuta ofisini.

Ofisi ya zamani ilikuwa nyumba ya Mhindi mmoja aliyehama zamani akaacha duka lake. Ilikuwa na vyumba vidogo vidogo, kila kimoja na mlango wake, na ushoroba mweusi katikati ambao sisi hatukuuingia. Sisi tulisimama verandani, mbele ya dirisha la wavu lililokatwa tundu la kupitisha mkono. Kwa miaka tuliwajua makarani kwa mikono yao. Kulikuwa na mkono wenye pete, na mkono wenye wino, na mkono mmoja mnene uliokuwa ukigonga mbao ukitaka uharakishe. Wengi wetu tulikuwa hatujawahi kuona sura ya mtu aliyetuandikia uzito wa miwa yetu. Yaliyosemwa nyuma ya ile milango hatukuyasikia. Baba mdogo alikuwa na desturi ya kuingilia mlango wa nyuma, na akitoka alikuwa akipiga mluzi.

Miwa ilipopata nguvu, miaka ile ambayo hata watu wa mabondeni walikuwa waking'oa mihogo wapande miwa, chama kikajenga. Tuliona malori yakileta vioo na mabati kutoka mjini Kakamega, tukaona paa likipanda juu kuliko la kanisa. Ndipo ikaja habari kwamba mashauri ya mikataba ya marehemu yatasikilizwa siku ya kufunguliwa, na kila mwenye shauri alete shahidi wa mpaka, yaani jirani ambaye shamba lake linagusana na lile linalogombewa.

Shahidi wetu alikuwa Kukhu. Hakukuwa na mwingine. Upande wa pili ni mto. Lakini karani wa mikataba alikuwa amemwoa binti yake wa mwisho, na kwetu mama mkwe na mkwe wa kiume hawakai ndani ya chumba kimoja. Hawapeani mkono, hawatazamani usoni. Wakikutana njiani, mmoja anaingia ndani ya miwa mpaka mwenzake apite. Katika ofisi ya zamani jambo hili halikusumbua mtu. Kukhu alipofika, karani alifunga mlango wa chumba chake, na mkono wa mtu mwingine ukamhudumia.

Nilikuwa nimemwuliza siku moja kabla, "Kukhu, na mkwe wako je?"

"Atakuwa chumbani mwake," akasema. "Nyumba kubwa hivyo itakosaje vyumba?"

Nami nikaona ni kweli. Kama nyumba ndogo ya Mhindi ilikuwa na vyumba vile vyote, hii kubwa ingekuwa navyo vya kupotelea.

Tulipofika mlangoni niliona kwanza viatu. Wakulima walikuwa wamevua gambuti zao na kuzipanga nje, maana sakafu ya ndani ilikuwa iking'aa hata ungedhani imemwagiwa maji. Askari alikuwa amechoka kupiga kelele.

"Vaeni viatu! Kwani hapa ni msikiti?"

Mzee mmoja wa kofia, kutoka upande wa Mumias, akamjibu bila kugeuka, "Afande, msikitini hatuvuangi kwa kuogopa sakafu."

Tukavua hata sisi. Ndani nikasimama, nikashindwa kuendelea. Hapakuwa na ukuta hata mmoja. Kutoka mlangoni mpaka mwisho kilikuwa chumba kimoja, kipana, chenye taa ndefu nyeupe zilizowashwa mchana kweupe. Meza za makarani zilipangwa kwa safu kama vitanda vya hospitali. Na makarani wenyewe walikuwa pale! Watu wazima, wana nyuso, mmoja ana kipara, mmoja ana mwanya. Nilimtambua wa pete kwa pete yake. Wa mkono mnene alikuwa mwanamke, na alikuwa akitabasamu. Wakulima walikaa kwenye viti. Kwa mara ya kwanza maishani mwangu nilimwona mkulima ameketi ofisini, mikono juu ya magoti, hajui aitazame taa ama amtazame karani. Dada alisahau jino lake. Mdogo wangu alininong'oneza, "Hapa wanaweza kuficha nini?"

Meneja alisimama. Alikuwa mtu wa mbali, aliyepanga nyumba Amalemba, huko mjini Kakamega, na kufika kwetu kila asubuhi na gari la chama. Kiluhya hakukijua, lakini Kiswahili chake kilikuwa kitamu.

"Ndugu wakulima," akasema, "maneno ya nyuma ya mlango yamekwisha. Milango yenyewe hamwioni! Tangu leo kila shauri litasemwa humu ndani, wote wasikie. Hakuna la verandani, hakuna la dirishani."

Watu walipiga makofi mpaka kitindamimba akalia. Baba mdogo alipiga mara moja, akaacha. Mimi nilipata moyo. Nilijua alikuwa amekwisha kuzungumza na mtu katika ile nyumba ya vyumba, na sasa yale mazungumzo hayakuwa na mahali pa kujificha.

Tukaitwa. Karani wa mikataba akatafuta faili la baba. Meneja akauliza, "Shahidi wa mpaka yuko wapi?"

Kukhu alikuwa amebaki nyuma akinawa miguu bombani, kwa ajili ya ile sakafu. Akaingia, miguu ingali na maji, akainua uso. Mkwe wake alikuwa mbele yake, hakuna hata kabati katikati yao.

Kiti cha karani kilianguka kabla yake. Yeye mwenyewe aliingia chini ya meza, mzima mzima, na tai yake. Kukhu akajifunika uso kwa leso, akarudi kinyumenyume mpaka nje, akaketi kwenye ngazi ya mlango.

"Karani ameangusha kalamu," mtu mmoja akasema.

"Kalamu gani? Ameangusha mama mkwe!"

Ukumbi ukacheka. Meneja alikuwa akitazama sakafuni. "Kuna nini? Nyoka?"

"Ni mkwe, bwana meneja," akasema yule mzee wa kofia.

"Mkwe anauma?"

"Kushinda nyoka."

Sauti ikatoka chini ya meza. "Bwana meneja, naomba ruhusa nitoke."

"Toka basi."

"Nitatokea wapi? Ameketi mlangoni."

Mlango wa nyuma ulikuwepo, lakini mafundi walikuwa hawajauleta ufunguo wake. Madirisha yalikuwa na vyuma. Wanawake wawili wakajitolea kushika leso ziwe pazia. Wazee wakatikisa vichwa, kwamba leso haigeuzi chumba kimoja kuwa viwili. Mtu akasema basi meneja atoke nje amsikilize bibi pale pale kwenye ngazi. Meneja alikuwa amekwisha kuchukua kofia yake.

Baba mdogo akainuka. "Bwana mkubwa, si umesema hakuna neno la verandani? Ama hiyo ilikuwa sheria ya asubuhi tu? Shahidi amekimbia. Andika jina langu twende nyumbani."

Meneja akairudisha kofia mezani. Sikumlaumu. Neno lile lile lililotulinda ndilo lililotufunga, na kama angelivunja kwa ajili yetu saa ile, kesho angelivunja kwa ajili ya baba mdogo.

Nikatoka nje, nikachuchumaa mbele ya Kukhu.

"Wamesema nini?" akauliza kutoka ndani ya leso.

Nikamweleza.

"Hakuna chumba hata kimoja?"

"Hata kimoja, Kukhu."

"Sasa mtu akitaka kulia humo atalilia wapi?" Kisha akasema, "Ukitoka hapa bila jina, hawa watalala wapi?"

"Kila mmoja kwake."

Akamtazama kitindamimba aliyekuwa amelala begani pangu, mate yakimtoka. Halafu akaitoa leso kichwani, akajifunga kiunoni kama mtu anayekwenda kupalilia, akasimama. Nilielewa anachotaka kufanya, na nikaogopa. Nilimshika mkono. Akautoa mkono wangu taratibu, kidole kimoja kimoja, akaingia.

Ninayoyasema sasa niliyaona kwa macho yangu. Mwanamke mmoja mzee aliyekuwa kiti cha mbele aliinuka, akageuka, akatazama ukuta. Aliyekuwa kando yake akageuka. Kisha yule mzee wa kofia. Kisha safu nzima, na safu iliyofuata, bila mtu kutoa amri, mpaka ukumbi wote ule wa taa na vioo ukawa migongo mitupu. Hata makarani waligeuka. Askari aligeukia barabara. Waliokuja kutazama walikataa kutazama. Baba mdogo alibaki peke yake akishangaa, mpaka mzee wa kofia akamwambia bila kugeuza shingo, "Na wewe, geuka." Akageuka.

Karani alipiga magoti nyuma ya meza yake, macho kwenye karatasi, kalamu mkononi. Waliobaki kumtazama Kukhu walikuwa meneja na sisi watoto.

"Mimi ndiye jirani wa mpaka," akasema, kwa sauti iliyofika mwisho wa jengo. "Miwa hiyo inalimwa na hawa wanne. Huyu mkubwa namwonanga akipalilia na huyu mdogo mgongoni. Huyo mwenye koti namwonanga siku ya trekta la kubeba miwa."

Migongo ikatikisika kwa kicheko. Meneja alimwongoza kidole gumba mpaka kwenye wino, na kutoka kwenye wino mpaka kwenye karatasi. Akauliza kama kuna anayepinga. Niliona shingo ya baba mdogo ikikakamaa. Ili apinge ingebidi ageuke, na hakuna mtu wetu ambaye angegeuka wakati ule. Jina langu likaandikwa.

Nimeiona ile ofisi ikibadilika mara nyingi tangu hapo, kwa sababu mwaka uliofuata nilipata kibarua cha kuifagia asubuhi kabla ya kwenda shambani. Kwanza meneja mwenyewe aliagiza ubao mmoja mrefu usimamishwe katikati, na mlango wa nyuma ufunguliwe. Wakulima wakauita ukuta wa wakwe. Baadaye zikaja mbao za kila meza, kisha vyumba vya vioo, ambamo unamwona mtu akisema bila kumsikia. Mashine za taipu zikaondoka na kelele zao, zikaja kompyuta. Sakafu ikapauka, viatu vikazoea kuingia. Lakini kila nilipofika na ufagio mahali pale mbele ya meza ya mikataba nilipunguza mwendo. Sijui kwa nini niseme zaidi ya hapo.

Tulikaa pamoja, sisi wanne. Miwa ilivunwa, ikaota tena, ikavunwa. Mdogo wangu na dada walimaliza shule.

Lakini kwetu kosa kama lile la Kukhu haliachwi hivi hivi. Mkwe na mama mkwe walioonana wazi vile wanasafishwa kwa kondoo, na mpaka achinjwe, binti hawezi kuleta watoto wake kulala kwa nyanya yao. Karani hakungoja. Alimtoa kondoo wiki ile ile, wa kwake mwenyewe, na wakarudi kuepukana kwa amani kama zamani. Kondoo yule alikuwa wangu wa kulipa, kila mtu alijua, ingawa hakuna aliyenidai.

Mavuno ya kwanza nilinunua kondoo jike mwenye mimba, nikamvuta mpaka kwa karani. Akakataa kumpokea. "Mimi nilitoa mnyama tu," akasema. "Aliyetoa uso wake ni mama. Mpelekee yeye."

Nikamvuta mpaka kwa Kukhu. Alikuwa akipepeta mtama. "Kondoo alitoka boma la mkwe wangu," akasema, "nitampokeaje mimi? Mrudishie."

"Amesema nikuletee wewe, Kukhu."

"Basi mwambie aje aniambie mwenyewe," akasema, akacheka mpaka akaweka ungo chini, maana hilo karani hawezi kulifanya mpaka mmoja wao azikwe.

Karani amestaafu, anafuga nyuki. Kukhu haoni vizuri siku hizi, lakini hatua zangu anazijua. Kila mwaka, baada ya mavuno, naenda kwa huyu, naenda kwa yule, na kila mmoja ananielekeza kwa mwenzake. Yule kondoo amezaa, na wanawe wamezaa. Wako nyuma ya nyumba yangu sasa hivi, nawasikia. Hakuna hata mmoja wao ninayemhesabu kuwa wangu.