Gari Inalia, Lakini Inalia Aje?

Nakumbuka asubuhi moja ya jua kali hapa Isiolo, pikapu ya baba ilipokataa kunyamaza. Mwanangu, wewe umepata leseni juzi na unaendesha huku ukiimba, kwa hiyo kaa kidogo, chai bado iko moto.

Nilikuwa msichana wa Wabera, mtaa wa hapa mjini, ambaye baba yake alimkabidhi ufunguo wa gari, jambo lililowaudhi ami zangu wote. Nilikuwa nikichukua vitunguu na nyanya kwenye mashamba ya Kinna na kuvileta mjini. Ami walisema wazi kwamba siku gari itakapoharibika mikononi mwangu, ufunguo utarudi kwa wanaume, na baba, asiyependa mabishano, akaitikia. Basi jua nilivyoshtuka injini ilipoanza kelele. Niliipenda kazi ile, mwanangu. Niliipenda kuliko chakula.

Nikaipeleka kwa Fundi Mwiti, Mmeru mtu mzima aliyekuwa na gereji ya mabati karibu na soko. Akaniuliza gari iko na nini. Nikamwambia, "Inalia." Alikuwa na kazi nyingi siku hiyo, aliposikia "inalia" akawaza mkanda wa feni, ule unaolia wiii, akaubadilisha. Nikaenda Kinna na kurudi, na kelele ilikuwa palepale.

Sasa tazama Kiswahili chetu cha huku. Mbuzi analia, mtoto analia, simu inalia, hata tumbo linalia. Mimi nimelelewa kwa Kiborana, yeye kwa Kimeru. Tulikutana kwenye neno moja, kisha kila mtu akaenda na maana yake.

Nikarudi gereji nimenuna. Fundi akainua boneti, akawasha injini. Kimya. Kutoka Wabera hadi pale ni karibu, gari ilikuwa haijapata moto.

"Mimi sisikii kitu," akasema. "Inalia aje? Hebu iga."

Kuiga! Msichana mwenye heshima zake, mbele ya wauza miraa na wazee waliokuja kuuza ngamia, nipige mdomo kama injini? Nikatazama chini. "Inalia tu, fundi."

Akaweka spana chini. "Sikiza, msichana. Ukienda hospitali, unaambia daktari 'naumwa' halafu unafunga mdomo? Mficha maradhi, kifo humuumbua. Hii gari haiwezi kuongea. Wewe ndio mdomo yake. Ukiona haya, itakufa."

Maneno yale yaliniuma, lakini nilikumbuka ya ami zangu, yakaniuma zaidi. Nikafumba macho. "Taka-taka-taka-taka!"

Wauza miraa wakacheka mpaka wakashikana mabega. Fundi hakucheka.

"Haraka hivyo? Inatoka juu ama chini?"

"Juu."

"Ikiwa baridi?"

"Hapana. Ikipata moto ndio inaanza, na nikikanyaga mafuta inaongeza."

Akatabasamu. "Hizo ni tapeti, vyuma vidogo vya juu ya injini, zinalilia oil. Ungeniambia ko, ko, ko, nzito ya chini, ningekuambia injini imekufa, utafute ngamia."

Akachomoa kijiti cha kupimia oil, kikatoka karibu kikavu. Akaingia chini ya gari: nati ya kumwagia oil ilikuwa imelegea kwa mtikisiko wa barabara ya mawe ya Kinna, ikidondosha tone kwa tone. Akatia washa mpya, kile kipete cha kuziba, akaikaza nati, akajaza oil, tukazunguka mji hadi injini ikapata moto. Hakukuwa na taka-taka tena. Nilicheka peke yangu kwenye usukani, kwa raha tu.

Sokoni maneno hayalali. Nilipofika nyumbani, ami yangu mkubwa alikuwa ametangulia kunishtaki kwamba nimeaibisha ukoo kwa kulia kama injini mbele za watu. Baba akaniambia niige tena. Nikaiga. Akacheka hadi akafuta machozi, kisha akamgeukia ndugu yake. "Na wewe, gari yako ikiharibika, inalia aje?"

Ami akaomba maji ya kunywa. Tangu siku hiyo hakuna aliyeutaja tena ufunguo wangu.

Kwa hiyo, mwanangu, gari ikianza kelele usiongeze redio. Zima redio, teremsha kioo, usikilize inatoka wapi, inaanza lini, na ukifanya nini inazidi. Pima oil kabla ya safari. Taa ya oil ikiwaka, simama palepale uzime injini, hata kama unaona nyumba yenu kwa mbele. Kisha mwambie fundi yote, kwa mdomo, kwa mikono, wacheke wanaocheka. Mficha uchi hazai. Na siku roho yako itakapokuwa na kelele, maana hiyo siku huja, usije kwangu ukaniambia "niko sawa tu". Njoo uniigie.

Mola akupe sikio la kusikia mapema, akupe watu wa kukusikiliza bila kucheka, na kila barabara ikurudishe kwetu salama. Amin.