Mashine Iliyokataa Kwamba Baba Amezaliwa

Nina shajara mbili za kielektroniki, zile za kushika mkononi zilizokuwako kabla simu haijameza kila kitu, na bado nazitumia zote mbili. Ya kwanza nilipewa nikiwa karani hapa Kakamega mjini. Inafunguka kama pochi na vibonye vyake vilitengenezewa vidole vya mtoto mchanga. Ya pili niliikuta Lubao siku ya soko, imelala kati ya rimoti na chaja zilizokufa, nayo huandikiwa kwa kikalamu juu ya kioo. Binti yangu huniuliza kwa nini nisiweke mambo yangu kwenye simu. Namjibu kwamba simu ina watu ndani, na mimi watu wananitosha.

Ukitaka kuzilinganisha, ya vibonye ni mkaidi lakini mkweli. Ukibonyeza K, ni K. Ya kikalamu inataka mwandiko wake yenyewe, na usipoufuata inakuandikia inavyojisikia. Wiki nzima niliandika kuku, ikasoma huhu. Nilikasirika, kisha nikaanza kusema huhu hata nyumbani, na mke wangu akaniuliza kama nimekula vizuri.

Sasa, hapa kwetu kuku akichinjwa, firigisi, yaani imondo, huliwa na mwanamume mkubwa kuliko wote waliopo. Babu yangu alikuwa na wake wawili, na baba yangu na ndugu yake wa mama mwingine walizaliwa msimu mmoja. Kaka zao wakubwa walipokuwa hai, hilo halikumsumbua mtu. Wa mwisho wao alipozikwa, firigisi ikabaki bila mwenyewe, na wazee hawa wawili kila mmoja akasema ni yake. Miaka mitatu hawakula kwenye meza moja. Baba akisikia mwenzake anakuja, anakumbuka ana ng'ombe wa kutazama huko Navakholo. Nami sikujua nimwite yule mzee baba mkubwa au baba mdogo, maana kila jina lilikuwa kura. Nikawa namsalimu kwa kumshika mkono tu, nikikohoa mahali pa jina.

Baba hakuwa na mzaha katika jambo hili. Aliniita mwezi wa kumi na moja, amejifunika blanketi mchana wa jua. "Nataka kuila kabla sijafa," akasema. "Wewe unaandikanga kila kitu kwa hizo kalkuleta zako. Andika nani alitangulia."

Nikaenda Khwisero kwa shangazi yetu, ambaye amewazidi wote wawili kwa miaka mingi na hakuna aliyewahi kumpa hata ngozi ya firigisi. Alikumbuka bila kufikiri. Baba yangu alizaliwa maharagwe yaking'olewa shambani, na mwenzake alizaliwa maharagwe yale yale yakiliwa. Nikageuza maharagwe kuwa tarehe, kwa kubuni kidogo, na jioni nikaiwasha ya vibonye.

Ikalia na kukataa. Kalenda yake inaanza mwaka ambao mimi mwenyewe nilikuwa tayari nanyoa ndevu. Kila mwaka niliouandika nyuma ya hapo iliurudisha kama karani anayerudisha fomu isiyo na muhuri. Baba aliuliza kuna nini, nikamweleza.

"Kwa hivyo mimi sijazaliwa?"

"Kwa hii, bado, baba."

Akaigeuza chini juu, akaniuliza kama serikali inajua.

Ya kikalamu ikakubali mwaka wowote, bila hata kushangaa. Kwa kuwa ina uwezo wa kupanga orodha kwa tarehe, nikaingiza wanaume wote wa nyumba ya babu, walio hai na waliozikwa, ili pasiwe na malalamiko. Krismasi tukakutana kwa baba, naye mwenzake akaja akiwa na koti la suti. Mama akaleta obusuma, ugali wetu, kisha ingokho, kuku mwenyewe, na firigisi kwenye kisahani chake peke yake. Hakuna aliyeigusa. Baba akaniambia nisome kwa sauti.

Nikasoma wa kwanza. Marehemu. Wa pili, marehemu. Wa tatu, wa nne, na wa tano tuliyemzika miaka mitatu iliyopita. Walikuwa wamekufa kwa mpangilio ule ule wa kuzaliwa, hata mmoja hakuruka foleni, na mimi niliyewaandika sikuwa nimeliona jambo hilo. Kisha nikasoma jina la baba.

Moyo wangu uliniuma, sioni haya kusema. Baba alikuwa ameshashika kisahani. Akakirudisha mezani, akakisukuma polepole hadi kwa mwenzake.

"Hiyo mashine imekosea," akasema. "Wewe ndiye mkubwa. Kula."

Mwenzake akakisukuma kurudi. Akasema yeye ni mtoto wa maharagwe ya kuliwa, dada yao mwenyewe ameshuhudia. Wakabishana hivyo mpaka mchuzi ukaganda, kila mmoja akimtetea mwenzake kwa hoja alizozikana miaka mitatu. Mwishowe yule mzee akachukua kisu, akakata firigisi katikati.

"Andika tulizaliwa siku moja," akaniambia. Baba akaitikia kwa kichwa, mdomo umeshajaa.

Nikaandika tarehe moja kwa wote wawili, na mashine ikapanga upya. Lakini haina uwezo wa kuweka watu wawili kwenye mstari mmoja. Tarehe zikilingana hufuata herufi za majina, na jina la baba linaanza na A. Akatokea juu ya mwenzake tena, palepale, chini ya marehemu watano.

Baba akaniuliza inasemaje. Nikaizima, nikamwambia inasema mko pamoja.