Jini la Mashua ya Ami Shee

Sijawahi kuona haya kama siku ya kushua mashua mpya ya ami Shee, kule Chovae. Nilitoka jimu ya Kismayu na mikebe mitatu: protini ya kujenga misuli, kreatini ya kuongeza nguvu, na unga mwekundu wa kuchangamsha mwili kabla ya mazoezi. Nikajigamba kwamba kamba ya kuivuta hadi majini nitaishika mimi mbele. Unga ule kipimo chake kijiko kimoja. Mimi na kiherehere changu nikakoroga vitatu, nikanywa.

Hata wimbo wa kuvutia kamba haujaanza, uso ukaniwasha, mikono ikawa kama imevamiwa na siafu, moyo ukanienda mbio. Nikapiga kelele, "Msiiguse! Mashua hii ina jini!"

Watu wakaachia kamba. Ami, aliyeiunda mwaka mzima, akanywea. Shekhe akaisomea mashua, kisha akanisomea mimi, nami nalia mbele ya wakwe zangu.

Ndipo dada yangu akaja na mkebe wa ule unga mwekundu. "Shekhe, imeandikwa hapa: ukizidisha, ngozi itawasha."

Ami akautazama ulimi wangu, mwekundu kama pilipili.

"Jini tumeshaliona," akasema. "Vuteni."

Wakavuta bila mimi. Mashua ikaingia majini kwa mvuto mmoja.