Nilivyomfumua Mjukuu Wangu Jukwaani

Nywele za mjukuu wangu ukizivuta zinafika kwapani. Nasema hivyo kwa majivuno na sitaki mtu anishushe, maana nimezikuza mimi. Miaka yake yote ya shule alinyolewa kama wenzake, ndiyo sheria yao. Siku alipomaliza kidato cha nne alikuja kwangu Tindiga na begi lake, akaniambia wembe hautagusa tena kichwa chake. Nikamwambia sawa, mke mwenzangu, lakini nywele si mchicha, hazioti kwa kumwagiwa maji. Tangu hapo, kila Jumapili anakaa chini kati ya magoti yangu, huu mwaka wa tano.

Mimi shule niliishia darasa la nne, ila kichwa cha mtu nakijua. Nywele zetu ukiziacha wazi zinajikunja, zinajifunga zenyewe, zinashika kila takataka inayopita. Ukizichoma kwa pasi ya saluni zinalala siku mbili tatu, halafu zinaanza kukatika kama mabua. Mimi napaka mafuta ya nazi, nagawa kwa chanuo, kila fungu nalizungushia uzi mweusi kuanzia kwenye shina mpaka ncha. Humo ndani ya uzi nywele inanyooka yenyewe bila moto. Haya ndiyo mabutu ya uzi. Ukimfumua mtu baada ya siku mbili, zinashuka ndefu mpaka mwenyewe anashangaa. Watoto wa siku hizi wakiyaona wanacheka, wanasema mtu ameota antena. Wacha wacheke.

Kazi hiyo inachukua nusu siku, na mdomo hauwezi kukaa bure nusu siku. Kwa hiyo nilikuwa naimba. Naanzisha mimi, yeye anaitikia. Nyimbo za kupeta mpunga, za kubembeleza mtoto, za kumsema mume mvivu, zote kwa lugha yetu ya nyumbani ambayo mama yake mwenyewe ameshaanza kuisahau. Sikukaa nikamfundisha. Aliziokota hapo chini kwenye magoti. Baadaye nikasikia amepata vijana wawili wa Kilosa mjini, mmoja wa gitaa na mmoja wa ngoma, wanazipiga hizo hizo kwa mtindo wao. Nilikwenda kusikiliza nikiwa nimejiandaa kununa. Sikununa.

Mwaka juzi wakakubaliwa kuimba kwenye tamasha la muziki Mikumi, na mwaka jana ndiyo wakaenda. Sikwenda nao, nilikuwa na mpunga shambani. Mjukuu wangu akaona mabutu ya bibi ni ya kishamba, akapita saluni wakamnyoosha kwa moto mpaka nywele zikawa zinang'aa kama mkia wa farasi. Kufika uwanjani yakanyesha manyunyu, si mvua hata. Alipopanda jukwaani nywele zilikuwa zimeshajikusanya zote juu. Kabla hajafungua mdomo mtu mmoja mbele akapiga kelele: dodoki! Wenzake wakadaka, uwanja mzima ukawa dodoki, dodoki. Mtoto akajifunika kanga kichwani, akashuka, akaondoka bila kuimba hata mstari mmoja.

Haya nilisimuliwa na kijana wa ngoma. Mjukuu wangu nilimgombeza, sifichi. Nilimwambia umeacha nyimbo za mabibi zako kwa sababu ya neno la mtu aliyekunywa. Lakini hasira iliponishuka ndipo nilipoona kilichotokea. Jumapili iliyofuata alikuja, akakaa, nikaanzisha wimbo, hakuitikia. Nikaanzisha mwingine, kimya. Ikawa hivyo miezi na miezi. Nasuka kichwa cha mtoto niliyemzoea na naimba peke yangu kama kichaa. Ukiniuliza jambo lililoniuma mwaka ule, hata mafuriko yaliyozoa mpunga wangu hayaingii.

Mwaka huu vijana wake wakaenda kuomba tena. Waandaaji wakawakubalia kwa shingo upande. Wakasema mtaitwa mara moja, msipopanda jina linafutwa na msirudi tena. Mjukuu wangu alikaa na habari hiyo wiki nzima, halafu akaja akasimama mlangoni.

"Bibi, unifunge wewe. Na twende wote."

Niliingia ndani kutafuta uzi.

Hapo ndipo nilipofanya ujinga wangu. Kwenye matamasha watu wanasukumana, kila mtu ana mkono mrefu, na mimi niliogopa butu lisije likavutwa likafumuka kabla ya wakati. Basi kila ncha nikaifunga fundo lile tunalofungia gunia la mpunga linalopanda lori. Mabutu thelathini na sita, mafundo thelathini na sita. Nikajisifu kwamba hapo hafumui mtu ila mimi. Maneno hayo niliyasema kwa mdomo wangu.

Tulilala Ruhembe kwa mdogo wangu, maana kutoka pale Mikumi ni jirani. Ilikuwa msimu wa kuchoma miwa. Mtu wa kule anajua: usiku moto unapita shambani, asubuhi masizi meusi yametua kila mahali, kwenye nguo ulizoanika, kwenye uji, kwenye nyusi za kuku. Nilimfunga mjukuu wangu kanga mbili kichwani, akalala nazo. Asubuhi nilipozikung'uta nje yalidondoka masizi ya kujaza kiganja, na chini yake mabutu yalikuwa safi. Mdogo wangu akasema namlinda mtoto wa watu kama trei ya mayai. Nikamwambia yai likipasuka unanunua lingine.

Uwanjani Mikumi kulikuwa na vumbi, moshi wa mishikaki, na maspika ya kutikisa meno. Wamasai vijana walikuwa wanasuka wasichana rasta nyembamba pembeni ya geti, na mikono yao ni mizuri, nakiri. Walikuwa wananitazama mimi na antena zangu. Nikawasalimu tukapita.

Zamu yetu ilikuwa saa kumi na moja. Hesabu yangu ilikuwa nianze kumfumua saa kumi, nimalize taratibu, apande nywele zikiwa ndiyo kwanza zimetoka kwenye uzi, vumbi na jasho visipate nafasi. Tukakaa nyuma ya jukwaa chini ya turubai, mimi juu ya kreti la soda nililoligeuza, yeye chini. Wasichana wengine walikuwa wanapita na mawigi yao, wanajipepea. Nilikuwa nimefumua manne tu alipokuja mbio dada mmoja mwenye beji shingoni. Hata na haraka yake alinipa shikamoo, nikampokea. Akasema kundi lililokuwa mbele yetu gari lao limeharibika huko Dumila, hawafiki. Ninyi sasa hivi. Dakika tano.

Thelathini na mawili yalikuwa bado.

Nikavuta fundo, likakaza. Nikavuta lingine, likakaza zaidi. Kijana wa ngoma akajaribu kwa kucha, wa gitaa akajaribu kwa meno. Mimi meno ya kazi hiyo sina tena. Dada wa kupaka watu poda, msichana mwenye roho nzuri, simlaumu, akafungua kiboksi chake akatoa wembe mpya, akaubandua karatasi.

"Bibi, tukate nyuzi tu. Dakika mbili tumemaliza."

"Huo wembe unajua uzi ni upi na nywele ni ipi?"

Uzi mweusi, nywele nyeusi, umekaza mpaka ndani. Ukikata kumi utaondoka na nywele za mwaka mzima. Nilimtazama mjukuu wangu, naye alikuwa anautazama ule wembe, na niliona kabisa kwamba angekubali. Angekubali akatwe, mradi apande. Nikaona hapana. Nikavua kanga yangu ya mabegani, nikamwambia basi nikufunge kilemba kizuri, uimbe hivyo hivyo, nywele tutazionyesha siku nyingine.

Akautoa mkono wangu kichwani kwake, kwa adabu.

"Mwaka jana nilitoka hapa nimejifunika, bibi. Leo sijifuniki."

Juu kule mshereheshaji alikuwa ameshaita jina letu. Dada wa beji anatutazama, anatazama saa. Na mimi nikiwa na hasira, hasira ya fundo langu mwenyewe, nikainuka, nikalishika lile kreti la soda kwa mkono mmoja.

Nikamwambia, "Twende. Utaimba nakufumua."

Alidhani natania. Nikamuuliza ule wimbo wa kupeta unaimbwaje, si mtu akiwa amekaa? Basi anzeni na huo, wa kucheza uwe wa pili. Vijana wakatazamana, wakabeba vyombo vyao. Magoti yangu na ngazi hayapatani, lakini siku ile yalipatana.

Jukwaani jua lilikuwa usoni. Watu wengi kama kwelea shambani. Nikaweka kreti katikati, nikakaa, nikapanua magoti. Mjukuu wangu akakaa chini mahali pake, mabutu yamesimama kila upande na manne yaliyofumuliwa yananing'inia. Fundi wa mitambo akaja kuishusha maikrofoni mpaka mdomoni kwake. Watu wakaanza kucheka. Mmoja akauliza kama saluni imehamia huku. Mwingine akasema, bibi, nikimaliza bia yangu ni zamu yangu. Mimi matani hayanisumbui, nimeolewa kwenye ukoo wa watani. Lakini nilisikia mabega ya mtoto yanakuwa magumu kati ya magoti yangu, kama zile Jumapili za kimya, na gitaa limeshapiga mwanzo mara moja, limerudia mara ya pili, na mdomo wake umefungwa.

Basi nikaanzisha mimi. Bila maikrofoni, kwa sauti yangu ya kuitia watu shambani, mstari wa kwanza kama ninavyouanzisha nyumbani. Nikaishia pale ninapoishia siku zote na nikangoja.

Akaitikia.

Miezi yote ile, halafu akaitikia. Sauti ikatoka kwenye yale maspika makubwa, ikaenda mpaka barabara kuu. Nikaanzisha mstari wa pili, akaitikia na kuupandisha. Wa tatu akauchukua mwenyewe, hakunihitaji tena, na mimi nikarudi kwenye kazi yangu.

Fundo la gunia ukilivuta linakaza, ukilisukuma kwa kidole gumba kurudi nyuma linalegea. Kitu nilichokijua maisha yangu yote, na kule nyuma ya turubai haraka ilikuwa imenisahaulisha. Sasa vidole vilikuwa kwenye mwendo wa wimbo. Nasukuma, linalegea, nauzungusha uzi nje, raundi kwa raundi kwa mdundo wa ngoma, nautupa pembeni. Nywele inabaki kama springi kidogo halafu inashuka, inalala begani. La kwanza liliposhuka watu wakanyoosha shingo. La tano, mwanamke mmoja mtu mzima mbele akapiga kigelegele. La kumi wakawa wanapiga wengi. Kila nikishika butu uwanja unangoja, likishuka wanapiga kelele. Wengine wakawa wananielekeza, la kushoto bibi, usilisahau la nyuma ya sikio. Utadhani mimi ndiye ninayesukwa na wao ndio wasusi. Simu zote zilikuwa juu.

Na yeye anaimba. Maneno ya lugha yetu, mbele ya watu ambao wengi wao hawaelewi hata moja, na walikuwa wanaitikia.

Wimbo wa pili ulipoanza yalikuwa yamebaki saba. Huo ni wa kucheza, na mtoto hakuweza kukaa. Akasimama. Mimi fundo lilikuwa mkononi, kwa hiyo nikasimama naye. Akienda kulia nakwenda kulia, akizunguka nazunguka, nafumua naruka, sitaki hata kufikiria nilivyoonekana. Kijana wa ngoma alikuwa anacheka mpaka anakosea. La mwisho nililifumua tukiwa ukingoni mwa jukwaa kabisa. Nikamwachia. Akatikisa kichwa mara moja tu, na zile nywele zote zikafunguka, zikamfunika uso, mabega, mgongo. Sijui niseme zilifanana na nini. Zilikuwa nywele zake, nyingi, zimenyooka, zina mafuta, na hakuna moto uliozigusa.

Muda wetu uliisha. Mshereheshaji akatushukuru akataka kuita wengine. Watu wakakataa, wakataka ule wa kwanza tena. Akabishana nao, wakamshinda.

Mjukuu wangu akanionyesha kreti. Nikakaa. Safari hii hakukaa chini. Alisimama mbele yangu, akageuka, akaanzisha yeye, akaishia pale ninapoishia mimi siku zote, akangoja. Nikaitikia. Mikono yangu haikuwa na kichwa cha kushika, sikujua niiweke wapi. Nikapiga nayo makofi.